SOMO LA PEDALI: BREKI NI NGUVU, SI UMBALI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika ukurasa huu wa sayansi nimechagua kitu ambacho watu hukikanyaga kila siku bila kukifikiria, nacho ni pedali. Sisemi pedali ya baisikeli. Nasema zile tatu za gari, yaani klachi, breki na mafuta, na hasa zile zinazowekwa sakafuni nyumbani au katika vyumba vya michezo ili mtu aendeshe gari lililo ndani ya skrini. Mtambo huo huitwa simuleta, yaani chombo cha kuigiza uendeshaji.

Vijana wengi wanaupenda mchezo huu, wala si ajabu. Barabara za Afrika Mashariki ndizo zilizompa sifa Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeishinda mara 5. Tena mwaka 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, kule Naivasha. Shida ni kwamba mtu akipata pesa hujali usukani kwanza, halafu pedali anachukua zozote. Ni kama kuvaa kilemba kizuri na kutembea pekupeku juu ya miba.

Kwa nini somo hili linatuhusu

Huenda ukauliza, mchezo ni mchezo tu, una neno gani? Una neno. Wengi wetu tuna miaka 16 au 17, na umri wa kupata leseni ya kuendesha motokaa ni miaka 18. Mguu hauna akili ya kutenganisha mchezo na kazi. Ulichoufundisha nyumbani ndicho utakachokifanya barabarani siku ya haraka.

Na barabara yetu tunaijua. Ukitoka Garissa, ukavuka daraja la Tana na kupita Madogo kuelekea Mwingi, lami imenyooka na gari linashawishi kukimbia. Ghafla ngamia anavuka. Ngamia ana miguu mirefu, kwa hivyo gari dogo likimgonga, mwili wake huja juu ya boneti hadi kwenye kioo cha mbele. Hapo hakuna cha kutegemea ila breki.

Hebu tutumie hesabu ya mwendo tuliyofundishwa darasani. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, ambazo ni kama mita 22 kwa sekunde. Dereva wa kwanza anakanyaga breki kwa nguvu ya kutosha, kasi inapungua kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Wa pili anakanyaga kwa woga, kasi inapungua kwa mita 4 tu. Ukitumia ile kanuni ya kasi na umbali, wa kwanza atasimama baada ya mita 35 hivi, na wa pili baada ya mita 62 hivi, kuanzia pale breki zinaposhika. Sasa tuseme ngamia yuko mita 40 mbele. Wa kwanza amesimama na ngamia anamtazama. Wa pili anafika pale alipo ngamia angali na kasi ya kilomita 47 hivi kwa saa. Gari ni lile lile, breki ni zile zile. Kilichotofautiana ni mguu.

Breki ya kweli hufanyaje kazi

Kumbukeni somo la kani na vipando. Pedali ya breki ni wenzo. Katika magari mengi wenzo huu huzidisha nguvu ya mguu mara 4 hadi 6. Ukikanyaga kwa nyutoni 200, na wenzo ukazidisha mara 4, pistoni kuu inasukumwa kwa nyutoni 800. Kisha linakuja somo la shinikizo la Kidato cha Kwanza. Mafuta ya breki hayabanwi, kwa hiyo shinikizo linapita kwenye mabomba mpaka magurudumuni, ambako pistoni ni pana zaidi na nguvu inaongezeka tena. Gari la kisasa lina pia kifaa cha kusaidia mguu, kinachotegemea injini. Ndiyo sababu injini ikizimwa gari likiwa linateremka, baada ya kukanyaga mara chache pedali huwa ngumu kama jiwe.

Sasa tazama jambo hili. Breki zikishashika, pedali haishuki tena sana. Kutoka breki ya kiasi hadi breki kali, mguu husogea kidogo tu, lakini nguvu huongezeka maradufu. Yaani dereva hapimi breki kwa kuangalia mguu umeshuka wapi, anapima kwa kuhisi amesukuma kwa nguvu kiasi gani. Hiki ndicho kiini cha somo letu: breki ni nguvu, si umbali.

Aina za pedali za nyumbani

Aina ya kwanza hutumia potenshiometa. Ni kikinza ambacho ukinzani wake hubadilika kadiri pedali inavyoshuka, kama kile cha kuongeza na kupunguza sauti ya redio. Pedali za Logitech G29 ni za aina hii. Hupima umbali. Ubaya wake ni kwamba ndani yake kuna sehemu zinazosuguana. Vumbi likiingia, kompyuta inapata habari za kurukaruka, na gari linafunga breki bila kuguswa.

Aina ya pili hutumia sumaku na kihisi cha Hall, kilichopewa jina la Edwin Hall, aliyegundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879. Hakuna kinachogusana, kwa hivyo vumbi haliisumbui sana na haichakai upesi. Lakini nayo pia hupima umbali.

Aina ya tatu hutumia lodiseli. Hiki ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyaya nyembamba. Ukikisukuma, kinajikunja kiasi kisichoonekana kwa macho, nyaya zinavutika, ukinzani wake unabadilika, na badiliko hilo linapimwa kwa daraja la Wheatstone, lile lile la maabara. Lodiseli hupima nguvu, kama breki ya kweli. Pedali za Thrustmaster T-LCM zina lodiseli kwenye breki na sumaku kwenye klachi na mafuta, na huo ni mpango wenye busara, maana klachi na mafuta huhitaji umbali, breki huhitaji nguvu.

Kuchagua kwa mazingira yetu

Garissa ina vumbi na joto, na mara nyingi kipimo hupita nyuzi 35. Kwa hivyo, kama uwezo upo, breki iwe ya lodiseli na hizo nyingine ziwe za sumaku. Kama uwezo haupo, usikate tamaa. Pedali ya potenshiometa inaweza kuboreshwa. Weka kipande cha mpira mgumu, hata cha ndara kuukuu, nyuma ya pedali ya breki pale inapomalizia safari yake. Sasa mwisho wa safari utakuwa mgumu, na ili ishuke kidogo itabidi usukume kwa nguvu. Ukishafanya hivyo, pima upya katika programu, la sivyo kompyuta itangoja pedali ifike mahali ambapo haifiki tena. Jioni funika pedali kwa kitambaa. Ujue pia kwamba mpira hulegea kwa joto, kwa hivyo breki uliyoipima alfajiri huenda ikawa laini kidogo adhuhuri.

Kurekebisha, hatua kwa hatua

1. Funga kila kitu kwanza. Ukisukuma pedali kwa nguvu ya kilo 40, pedali nayo inakusukuma kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo sheria ya tatu ya Newton. Kiti cha magurudumu kitarudi nyuma mpaka mlangoni, na pedali zilizowekwa juu ya mkeka zitateleza. Zipigilie kwenye ubao, ubao uguse ukuta, na kiti kiwe cha miguu minne. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomea fremu inayounganisha kiti na pedali.

2. Pima umbali wa kiti. Ukikanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Mguu ulionyooka kabisa hauna nguvu iliyobaki.

3. Weka kiwango cha breki. Wengi huweka wepesi ili wasichoke, na hapo ndipo mguu unapofundishwa uongo. Kanuni za kimataifa za magari madogo zinataka breki ifikie kiwango chake cha majaribio kwa nguvu ya mguu isiyozidi nyutoni 500, kama uzito wa kilo 50. Basi anza na kilo 30 hivi, na uongeze polepole kadiri mguu unavyozoea. Usiweke nguvu usizoweza kuzirudia.

4. Acha sehemu bubu ndogo. Hii ni ile sehemu ya mwanzo ambayo kompyuta haiisikii. Iwe ndogo sana, ya kutosha tu uzito wa mguu uliopumzika usishike breki. Ikiwa kubwa, mguu utazoea kukanyaga hewa.

5. Mafuta yawe na springi laini na safari ndefu. Kwenye mchanga na kokoto, anayekanyaga mafuta kwa kishindo huzungusha magurudumu bila kwenda mbele.

6. Tazama kimo. Breki iwe juu kidogo kuliko mafuta, ili ikishakanyagwa zilingane. Hapo mtu anaweza kushika breki kwa sehemu ya mbele ya mguu na kugusa mafuta kwa ukingo wake, ili injini ipokee gia ndogo bila mshtuko.

7. Tumia mguu wa kulia kwa breki. Madereva wa rali hutumia wa kushoto pia, lakini mguu wa kushoto uliozoea klachi hukanyaga breki kama unaua nge. Jifunze la kawaida kwanza.

8. Vua ndara. Zinateleza na kuingia chini ya pedali, nyumbani na barabarani.

Zoezi la kufanya wawili wawili

Simamisha mizani ya kupimia uzito wa mtu, iegemee ukutani. Kaa kitini na uisukume kwa mguu mpaka mwenzako aseme umefika kilo 30. Pumzika, funga macho, urudie mara 10, naye aandike kila kipimo. Vipimo vikikaribiana, mguu wako umeanza kukumbuka nguvu. Vikitawanyika, endelea na mazoezi kabla hujafikiria kununua kitu kipya.

Mipaka ya chombo

Ati simuleta itakufanya dereva? La hasha. Haina ule mvuto wa mwili kusukumwa mbele breki zikishika. Gari lenye mtambo wa kuzuia magurudumu yasigande hutetemesha pedali, na anayeanza hushtuka akaachia mguu, wakati anatakiwa aendelee kukanyaga. Pedali nyingi za nyumbani hazitetemeki hivyo. Tena mabasi makubwa na malori yanayopita hapa kwenda Dadaab hutumia breki za upepo, ambapo pedali hufungua vali na hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayofanya kazi. Huko mguu huhisi mambo mengine kabisa.

Basi, ndugu zangu, mwenye kununua aanze na breki, na mwenye pedali tayari azirekebishe leo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mguu nao ni hivyo hivyo.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini tunasema breki hupimwa kwa nguvu, ilhali mafuta hupimwa kwa umbali?
2. Gari linakwenda kilomita 100 kwa saa. Tafuta umbali wa kusimama iwapo kasi inapungua kwa mita 7, kisha kwa mita 4, kwa sekunde katika kila sekunde. Tofauti ni mita ngapi?
3. Eleza kwa sheria ya Newton kwa nini kiti cha magurudumu hakifai.
4. Ni aina gani ya kihisi inayofaa zaidi mahali penye vumbi, na kwa nini?