Kabla ya Kurudi Kijabe: Mafunzo Niliyopata

Binti yetu alizaliwa na mgongo wazi, na siku chache baadaye akapasuliwa ili uzibwe. Sasa yuko chekechea hapa Kehancha, anajua kuandika jina lake, na madaktari wamesema lazima mgongo ufunguliwe tena. Tunajiandaa kurudi Hospitali ya AIC Kijabe, ambako kitengo cha BethanyKids huwahudumia watoto wenye hali hii. Nawaandikia wazazi wa Kuria, Rongo, Mbita na kwingineko watakaoambiwa maneno hayohayo.

1. Upasuaji wa pili hauna maana kwamba wa kwanza uliharibiwa.

Uti wa mgongo unatakiwa kuwa huru ndani ya mfereji wa mifupa. Kwa mtoto aliyezibwa mgongo wazi, uti huweza kunata kwenye kovu. Mtoto anaporefuka, uti ulionasa huvutika, na neva za miguu, kibofu na haja kubwa huanza kuumia. Daktari alituchorea haya yote kwenye karatasi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa bado anatafuta ni nani aliyevunja mwiko, aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo kinachomuumiza ni kule kukua kwake?" Ndiyo, mama. Tangu siku hiyo habari za laana hazijazungumzwa tena nyumbani kwetu.

2. Dalili huonekana nyumbani kwanza.

Kiatu chake cha kushoto kilianza kulika kwenye ncha, huku cha kulia kikiwa bado kizima. Alikuwa ameanza kuburuta mguu. Kisha akawa anakutwa amelowa hata baada ya kutolewa mkojo kwa mpira wa mkojo (katheta) saa zilezile za kila siku, na jioni akilalamika mgongo. Nikaweka daftari la mistari la shilingi chache: tarehe, alilowa saa ngapi, choo kilikuwaje, alianguka wapi. Baba yake alimrekodi kwa simu akitembea kwenda bombani. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache, akiwa na woga na amechoka na safari. Mzazi ndiye anayejua Januari alikuwaje na leo yukoje.

3. Uliza upasuaji huu utampa nini hasa.

Tulijibiwa bila kufichwa: lengo kubwa ni kulinda alichonacho. Maumivu ya mgongo mara nyingi hupungua. Nguvu za mguu na kibofu zinaweza kurudi kiasi, au zisirudi. Tena uti unaweza kunata upya kadiri anavyokua, kwa hiyo atafuatiliwa hadi amalize kukua. Tulipoandaa kadi za harambee, katibu alitaka kuandika "ili mtoto atembee vizuri". Tulimwomba aandike "ili mtoto asipoteze nguvu alizonazo". Hatukutaka watu wachangie ahadi ambayo daktari hakuitoa, wala mtoto arudi nyumbani aonekane ameshindwa.

4. Mtoto aambiwe ukweli anaoweza kuubeba.

Alipopasuliwa mara ya kwanza alikuwa mchanga. Safari hii atakumbuka kila kitu. Tulimfunga mwanasesere wake bendeji mgongoni, tukamlaza kifudifudi, tukamweleza kwamba naye atalala hivyo siku kadhaa bila kukaa, ili maji ya uti yasivuje kwenye mshono. Akauliza, "Mama, nikilala nitaamka?" Nilimwambia kuna daktari ambaye kazi yake ni kukaa naye muda wote wa usingizi na kumwamsha, nami nitakuwa nje ya mlango. Aliridhika. Tangu hapo yeye ndiye anayewafundisha wenzake jinsi mwanasesere anavyogeuzwa.

5. Makaratasi na nauli ni sehemu ya matibabu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Hakikisheni mchango umelipwa, mtoto amesajiliwa kama mtegemezi kwa cheti chake cha kuzaliwa, na hospitali imepata idhini ya upasuaji kabla hamjapanda gari. Bima hailipi nauli ya kutoka Kehancha kupitia Kisii na Narok, wala chakula cha mzazi anayelala huko, wala mahindi yatakayokosa mtu wa kuyapalilia. Chama cha akina mama kilichukua zamu ya shamba. Msaada huo ulitufaa sawa na pesa. Bebeni pia sweta: Kijabe iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na baridi yake hatuijui sisi wa huku.

6. Taja mzio wa mpira kabla hujaulizwa.

Watoto wenye mgongo wazi hupata mzio wa mpira wa asili zaidi kuliko watoto wengine, ule wa baadhi ya glavu na wa maputo. Mwambie kila muuguzi kuhusu mzio huo, hata kama umeandikwa kwenye faili. Pia mkague mtoto makalio na nyayo kila jioni, kwa kuwa kidonda anaweza asikisikie. Kidonda, homa au maambukizi ya mkojo yanaweza kuahirisha upasuaji baada ya safari yote hiyo.

7. Linda mimba ijayo pia.

Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, huanzwa kabla ya mimba. Mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, mara kumi au zaidi, atakayopangiwa na daktari. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo. Lakini wengi wetu huku tunapeleka mahindi yetu kwenye mashine ya kusaga sokoni, na unga huo hauongezwi chochote. Basi dada yangu unayefikiria kuzaa, pita zahanati uulize vidonge hivyo mwezi huu. Akina mama wengi hatukuambiwa hili mapema. Wewe umeambiwa, na umwambie mwenzako.