Mto ukipungua, kwa nini tufunge banio?

Swali: Mvua zimekata mapema hapa Mbarali. Mbona tunaambiwa tufunge banio la mfereji na mto bado una maji? (Mkulima wa mpunga)

Jibu: Ndugu mkulima, maji ya kiangazi ni mvua iliyozama ardhini kwenye milima ya Kipengere, ikachuruzika polepole. Mvua zikiwa haba, hazina hiyo hupungua mapema, huku jua na upepo vikilifanya shamba lidai maji zaidi. Tazama mfereji wa udongo mwezi Septemba: sehemu kubwa ya maji yaliyoingia banioni haifiki jarubani. Yanazama njiani, yanakuwa mvuke, yanatuama kwenye magugu. Maji hayo yangekwenda ardhioevu ya Ihefu, kisha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, mpunga unafuata. Mkishavuna, fungeni, acheni maji ya kunywa tu. Na msimu ujao kubalianeni mpande kwa pamoja. Jirani akichelewa mwezi mzima, mfereji wote hubaki wazi kwa ajili yake.