Somo: Kuchagua Chombo cha Kuzoeza Moyo Nyumbani kwa Feza Kidogo



Wengi wakiambiwa na munganga kwamba mwili wao wahitaji mazoezi, hufikiri mara moja juu ya mashini kubwa za magazini ya mjini. Mmoja husema, “Mimi maskini sitaweza,” akaendelea kuketi tu. Mwingine huenda kukopa. Wote wawili wamekosea.

Baba mmoja mwenye tansiyo, yaani msukumo mkubwa wa damu, alinunua mashini ya kukimbilia, ile yenye mkanda uzungukao chini ya miguu. Aliuza ng’ombe wake, akaongeza na feza za dawa, akisema, “Mashini itakuwa dawa yangu.” Lakini mtaani kwake umeme ulikatika kila mara. Baada ya miezi miwili mke wake alikuwa akianika nguo juu ya mashini hiyo. Kisha asubuhi moja baba huyu aliletwa kwetu, mdomo umepinda na mkono wa kuume hauinuki. Mashini haikumletea ugonjwa huo. Kuacha dawa ndiko kulikomleta hapo. Kwa hiyo sikieni vema: chombo cha mazoezi hakinunuliwi kamwe kwa feza za dawa, wala za chakula cha watoto.

1. Moyo wahitaji nini?

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwilini mwote. Msuli usiofanya kazi hulegea. Unaofanya kazi kila siku hupata nguvu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Ukifanya dakika 30 kwa siku tano, umefika 150. Nazo dakika 30 waweza kuzigawanya: kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni.

Je, moyo hutambua bei ya chombo? Hata kidogo! Mwaka 1953 munganga Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliketi siku nzima. Wakata tiketi walipanda na kushuka ngazi za basi. Ilionekana kwamba wakata tiketi walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Chombo chao kilikuwa nini? Ngazi tu.

2. Vyombo vinne, toka bei ndogo mpaka kubwa

Kwanza, kumbuka kwamba kutembea kwa haraka hakuna bei. Mtu wa Bukavu mwenye vilima mlangoni pake ana chombo tayari. Lakini ikiwa njia ina hatari, au mvua hainyeshi kidogo, au una haya kuonekana, basi tazama hivi:

(a) Kamba ya kuruka. Ni ya bei ndogo kuliko vyote. Simama katikati ya kamba, vuta ncha zake juu; zikifika kwapani, urefu watosha. Lakini kuruka hupiga magoti na vifundo kwa nguvu. Kamba ni ya kijana na mwenye mwili mwepesi. Si ya mama mwenye mimba, wala mtu mzito, wala mwenye kuumwa magoti.

(b) Sanduku la kupandia. Mwambie seremala akufanyie sanduku la mbao ngumu, kimo sentimita 15 au 20, na juu yake pana hata miguu yote miwili ienee. Kabla ya kumlipa, kanyaga kila pembe. Likiinuka upande mmoja, mrudishie alitengeneze. Liweke karibu na ukuta upate pa kujishika. Panda kwa mguu wa kuume, kisha wa kushoto. Shuka kwa wa kuume, kisha wa kushoto. Baada ya dakika chache anza na mguu mwingine. Kwa watu wengi hiki ndicho chombo ninachokisifu kuliko vingine.

(c) Kinga isiyokwenda, yaani baisikeli ya mazoezi. Hii haipigi magoti, nayo yafaa mtu mzito. Ikiwa una kinga ya zamani, fundi wa vyuma aweza kuiundia kisimamio cha kuinua gurudumu la nyuma. Ukinunua iliyokwisha kutumika, ketia na kuikanyaga dakika tano palepale. Mguu ukiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Sikiliza kama yalia, na tazama kama kiti chakaza vema.

(d) Mashini ya kukimbilia. Ni ya bei kubwa, huchukua nafasi, na nyingi zahitaji umeme mwingi. Tena zile zilizotumika Marekani ni za volti 120, na umeme wa Kongo ni volti 220; ukiichomeka bila chombo cha kupunguza umeme, huenda itaungua siku ya kwanza. Soma pia kibao chake kinachoonyesha uzito wa mtu inayeweza kumbeba.

3. Jiulize kabla ya kutoa feza

Je, chombo hiki chatumika umeme ukikatika? Je, nyumbani kuna nafasi, au kitasukumwa nje kipate kutu? Kikiharibika, fundi wa mtaa aweza kukitengeneza? Je, mke wangu au mume wangu atakitumia pia? Tena, je, nimekwisha kuzoea mazoezi? Jaribu kwanza mwezi mzima kwa kutembea au kwa sanduku. Ukishindwa kushika dakika kumi kwa siku bila bei, mashini haitakushikia.

4. Jinsi ya kufanya

Anza kwa dakika tano. Ongeza kidogo kidogo kila juma. Kipimo ni hiki: wakati wa mazoezi uweze kusema na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza bidii. Ukishindwa hata kusema, punguza. Kipimo hiki ni chema kuliko kuhesabu mapigo ya mkono, kwa sababu dawa nyingine za tansiyo hupunguza mapigo, na hesabu itakudanganya. Ukimaliza, usiketi ghafula. Tembea polepole dakika chache.

5. Maonyo

Kama tansiyo yako ni 180 kwa 110 au zaidi, usianze. Mwone munganga kwanza. Mwenye ugonjwa wa sukari avae viatu vilivyofunika miguu, atazame nyayo zake kila jioni, na kama anachomwa dawa ya insulini awe na sukari karibu. Ukisikia maumivu kifuani, au kizunguzungu, au pumzi kukata, acha mara moja, na uletwe hospitali.

Yule baba yu hai. Amerudia dawa zake, na kila asubuhi mke wake humshika mkono wakitembea mpaka kisimani na kurudi. Mashini waliiuza, wakapata sehemu ndogo tu ya feza waliyotoa.

Maswali

1. Kwa nini wakata tiketi wa London walikuwa na moyo wenye nguvu kuliko madereva?
2. Nani asitumie kamba ya kuruka?
3. Utajuaje kama mazoezi ni ya kadiri?
4. Feza zipi haziguswi kwa kununua chombo?
5. Kesho asubuhi wewe utaanza na nini?