“Briefly”, “Shortly” na Yule Msumbufu “Momentarily”

Upo mzaha wa siku nyingi kuhusu rubani Mmarekani anayetangaza, “We will be landing momentarily,” na abiria Mwingereza anashika kiti: kumbe ndege itagusa ardhi kidogo, kisha ipae tena? Mzaha huo una ukweli ndani yake. Kwa Mwingereza wa kale, “momentarily” ni kwa kitambo kidogo sana. Kwa Mmarekani ni hivyo pia, ila mara nyingi humaanisha hivi punde. Sisi wa Kiswahili tofauti hiyo tunayo tangu utotoni, imekaa kwenye “kwa” na “baada ya”. Tatizo ni kwamba tukianza tu kuandika Kiingereza, tunaisahau nyumbani.

1. Jiulize kwanza: kwa, au baada ya?

Sema sentensi yako kwa Kiswahili kabla ya kuiandika. Ikija na “kwa muda mfupi”, jambo lilidumu kidogo, basi chukua “briefly”. Ikija na “baada ya muda mfupi”, jambo bado lakini liko karibu, basi chukua “shortly” au “soon”.

Mchukue Liz Truss, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 2022 kwa siku 49. “Liz Truss was briefly prime minister” ni kweli tupu. “Liz Truss will shortly be prime minister” ingefaa gazeti la tarehe 5 Septemba mwaka huo, siku aliyoshinda uongozi wa chama chake, maana kesho yake ndipo alipokabidhiwa serikali. Mtu yuleyule, cheo kilekile, lakini kielezi kimoja kinatazama alivyokaa na kingine kinatazama anavyokuja.

Hapa jirani tunaye Yusuf Lule, aliyeongoza Uganda kuanzia Aprili hadi Juni 1979: “Lule was briefly president.” Ukitaka kusimulia alivyoingia, “shortly” hushikana vizuri na “after” au “before”: “Shortly after Kampala fell, Lule was sworn in.”

2. Achana na “after five minutes” unapoahidi

Huu ni mtego wetu wenyewe. Tunasema “nitafika baada ya dakika tano”, tunaihamisha ilivyo, inatoka “I will arrive after five minutes.” Mwenye lugha atakuelewa, lakini yeye angesema “in five minutes”. Kwa ahadi inayohesabiwa kuanzia sasa, “baada ya” yetu ni “in” yao. “After” iache kwa masimulizi ya yaliyopita: “After five minutes, the lights came back.” Na ukiweka “for”, maana inageuka kabisa. “I will be there for five minutes” ni taarifa kwamba hutakaa hata kunywa chai.

3. Usikitenganishe kitenzi na shamirisho lake

“She opened briefly the door” ina kasoro. Kiingereza hakipendi kielezi kijipenyeze kati ya kitenzi na kitu kinachotendwa. Andika “She briefly opened the door” au “She opened the door briefly.” Penye kitenzi kisaidizi, kielezi hukaa katikati kwa raha zake: “The match was briefly stopped”, “The results will shortly be announced.”

4. Kuna vitenzi visivyodumu

Kufika ni tukio la mara moja: umefika au hujafika. Kwa hiyo “The boss arrived briefly” inachekesha, wakati “The boss stopped by briefly” ni sawa, kwa kuwa kupita mahali kuna kukaa ndani yake. Vivyo hivyo na kufa. Anayeandika “He died briefly” ajiandae kueleza huo ufufuo.

5. “Briefly” ya maneno machache, na “shortly” ya ukali

“The headteacher spoke briefly” ni sifa: mwalimu mkuu hakuwachosha watu. Ukilipeleka neno mwanzoni na kuweka mkato, “Briefly, the headteacher spoke”, wengi watasoma “kwa kifupi, mwalimu mkuu alizungumza”, kana kwamba unafupisha habari ndefu.

Hatari zaidi ni “The headteacher spoke shortly.” Mwandishi alitaka kusema hotuba ilikuwa fupi, lakini anayesoma anapata picha ya mtu aliyejibu kwa mkato, uso umekunjwa. Nimeona sentensi za namna hii kwenye kumbukumbu za vikao na ripoti za semina, na naamini waliotajwa humo hawakumkaripia mtu yeyote.

6. “Temporarily” ni nia tu, haina saa

Mashine ya kutolea pesa ikiandikwa “Temporarily out of service”, haikuahidi chochote kuhusu urefu wa muda. Inasema tu kwamba hali hii si ya kudumu, na inaweza kuwa hivyo mwezi mzima. “Briefly” hupimwa zaidi jambo likishapita: “The machine was briefly out of service” inaandikwa na mtu aliyekwisha kupata pesa zake. Kwa hiyo kwenye tangazo la mlangoni weka “temporarily”, na kwenye taarifa ya baadaye weka “briefly”, kama kweli ilikuwa hivyo.

7. Na “momentarily”?

Ushauri wangu: kwenye mtihani, barua ya kazi au taarifa rasmi, iache. Shule zetu zimeegemea Kiingereza cha Uingereza, na msahihishaji anaweza kukukata ukiitumia kwa maana ya “hivi punde”. Ukiwaandikia Wamarekani, hakuna atakayeshtuka. Ikibidi uitumie, wakati uliopita hauna ugomvi: “The speaker was momentarily lost for words.” Hapo Mwingereza na Mmarekani wanasoma kitu kimoja. Mdomoni ndipo wanapoachana: Mmarekani huweka mkazo kwenye “ta”, Mwingereza wa kale huuweka mwanzoni kabisa.

8. “Presently” na “just now”

Hawa ni ndugu zake kwa usumbufu. “Presently” kwa wengine ni sasa, kwa wengine ni karibuni. Andika “now” au “soon” umalize. “Just now” kwa Mwingereza ni punde tu iliyopita: “He left just now.” Kwa watu wa Afrika Kusini huweza kuwa baadaye kidogo, na hicho kidogo hakina mpaka. Ukiambiwa hivyo na fundi wa Johannesburg, usiahirishe shughuli zako kumsubiri.

9. Unapotoka, usiseme “I’m coming”

Jijini Nairobi hata Dar es Salaam, mtu anainuka mezani, anaelekea mlangoni, na anaaga, “I’m coming.” Kwetu ni “nakuja”, na kila mtu anajua atarudi. Mgeni aliyebaki mezani anaona mtu akienda huku akisema anakuja. Mwambie “I’ll be back shortly”, au “Back in a minute” kama ni rafiki. Ila usimwambie “I’ll be back briefly”, maana ataelewa kwamba utarudi na kuondoka tena, na huenda akaanza kuomba bili.