Handeni Ipi? Sifa za Ziada za Taratibu Zilizohifadhiwa katika Kanzidata ya Afya

Mgonjwa wa homa anapopimwa malaria katika zahanati ya Handeni au Korogwe, habari zake huandikwa katika rejesta ya MTUHA. Mwisho wa mwezi rejesta hujumlishwa na jumla huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Mchambuzi anayezichukua takwimu hizo na kuzitunza katika kanzidata yake huweza kuukabidhi ukokotoaji kwa utaratibu uliohifadhiwa, yaani mfululizo wa amri ulioandikwa mara moja na kuitwa kwa jina kila ripoti inapohitajika.

Jina pekee halitoshi. Tuchukue utaratibu uitwao malaria_handeni, unaogawanya wagonjwa wapya kwa idadi ya watu na kuzidisha kwa 1,000. Handeni ipi? Ipo Halmashauri ya Wilaya na ipo Halmashauri ya Mji. Na katika takwimu za zamani jina hilo lilibeba hata eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Kilindi. Korogwe nayo ina halmashauri mbili. Kwa mfano wa kubuni, wagonjwa 6,000 wa mjini wakigawanywa kwa wakazi 80,000 wa mji huo, kiwango ni 75 kwa kila watu 1,000. Wakigawanywa kwa watu 400,000 wa mji na wilaya kwa pamoja, kiwango ni 15. Hakuna mbu aliyepungua, lakini mwenye kupanga mgao wa vipimo na dawa mseto ataona mji uliotulia, na mgonjwa ataambiwa dawa zimekwisha.

Programu nyingi za kusanifu kanzidata humruhusu msanifu kuuambatanishia utaratibu sifa za ziada: jozi za jina na thamani zisizobadilisha hesabu bali kuieleza. Hapa ningeanza na eneo. Kisha asili, yaani namba ya chini ya sehemu: je, ni makadirio ya sensa ya 2012 au ya 2022? Kisha kipimo, jambo ambalo wengi hulipuuza. Kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, kwa hiyo majibu yake hayachanganywi na ya hadubini kimyakimya. Mwenye dhamana atajwe kwa cheo, kwa kuwa watumishi huhamishwa. Taarifa za mgonjwa yeyote zisiingizwe humo, hata kwa mfano.

Sifa zinazobaki kwenye mchoro wa msanifu hazimfai anayesoma ripoti. Hakikisha hati inayozalishwa na programu inazipeleka ndani ya kanzidata yenyewe: katika SQL Server kwa sp_addextendedproperty, katika PostgreSQL kwa COMMENT ON PROCEDURE, ambayo hupokea maelezo mamoja tu, hivyo sifa zote ziandikwe humo kwa pamoja.

Tahadhari moja kwa wanaofanya marekebisho: utaratibu ukifutwa kwa DROP na kuundwa upya, sifa zake hufutika pamoja nao. Katika SQL Server tumia ALTER, nazo zitabaki; kisha zisome upya, maana hesabu ikibadilika, maelezo ya zamani huendelea kukaa palepale.