Kidole ulichokitaja mwishoni

*Shangazi, mbwa wangu Simba hajala siku ya tatu. Ufizi umekuwa mweupe, mkojo kama chai ya rangi. Ndiye ninayelala naye shamba la mpunga kufukuza nguruwe pori. Jirani anasema ni kichaa, anataka mgambo waje na marungu. Bibi ananisema, ati mwanamume mzima namlilia mbwa, ingawa nilimwona akimsogezea Simba kopo la maji kivulini. Usiku silali. Jana nilimlazimisha uji, jino likanichuna kidole, kidogo tu. Nifanyeje?*
*Mwenye Simba, Turiani*

Mwanangu, barua nzima ni Simba, na kidole umekitupia mwishoni kama chenji. Mimi nilianza na kidole, ndiyo maana nilikupigia simu usiku ule ule barua ilipofika, bila kungoja gazeti. Wengine wenye mbwa wasome nilichokuambia: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, ukamweleze daktari kwamba mbwa anaumwa na kadi yake ya chanjo huioni. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna cha kumwokoa. Kabla ya hapo chanjo inakizuia. Na usianze kungoja uone kama Simba atakufa au atapona ndipo uende.

Sasa yeye. Siwezi kumpima mbwa kwa barua, lakini ufizi mweupe na mkojo wa rangi hiyo vinanipeleka kwenye homa ya kupe kuliko kichaa. Kijidudu kiitwacho Babesia huingia na mate ya kupe, kikapasua chembe nyekundu za damu, na wekundu wake ukatokea kwenye mkojo. Hata wenye jina lake, simba wa porini, kimewatesa: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti walikuja kuona kwamba Babesia iliyojaa kwenye damu zao ndiyo iliyozidisha vifo.

Kichaa huanzia kwenye tabia. Mbwa mpole anauma bila kuchokozwa, au mkali anajificha. Taya linalegea, udenda unamwagika, kumeza kunamshinda. Ila kipo kichaa cha kimyakimya pia, kwa hiyo mfunge peke yake kivulini, maji karibu, watoto mbali. Mdomo wake usiupanue tena, hata kwa mapenzi.

Mwite afisa mifugo wa kata. Tone la damu la ukingo wa sikio, likipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini, linaweza kumwonyesha huyo mdudu. Ukipata usafiri wa Morogoro mjini (makondakta na mbwa unawajua), pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kuna hospitali ya wanyama. Dawa zipo, ila damu ikishapungua sana huchelewa kumfaa. Diclofenac na Panadol za nyumbani usimpe, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimkolezee ukidhani unamaliza kupe, mbwa hujilamba. Kupe wenyewe wengi wako kwenye nyufa za ukuta anapolala.

Jirani usigombane naye, kichaa kinatisha kweli. Mwambie mbwa amefungwa na afisa mifugo anajua. Na ikitokea Simba amekufa, nisamehe kwa kulitaja, kichwa kisipondwe wala msimzike kabla afisa hajafika, maana ubongo ndio unaopimwa, na jibu lake daktari wako atalihitaji.

Kulala, hutalala vizuri wiki hii, na sioni aibu yoyote hapo. Mwenzio wa zamu ya usiku shambani anaumwa. Bibi naye mwachie aseme. Ila usiku ukiwa hospitalini au safarini, lile kopo mwombe yeye alijaze, alisukume kwa fimbo ndefu. Nadhani hatakataa.