Kujifukiza Nyumbani: Faida Zake na Gharama Zake

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo linalofahamika karibu katika kila nyumba: kujifukiza, au kama wengi wanavyosema, kupiga nyungu. Bibi zetu walifanya hivyo tangu zamani. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini Tanzania, watu wengi waliirudia desturi hiyo kwa nguvu. Mpaka leo, mtu akianza kupiga chafya tu, sufuria inabandikwa jikoni pamoja na majani ya mkaratusi, mchaichai, mwarobaini au mlimau.

Sisi wauguzi tunaulizwa mara kwa mara: Je, kujifukiza kunasaidia au kunadhuru? Jibu letu ni kwamba kunaweza kumfariji mgonjwa kidogo, lakini kuna gharama yake, na gharama iliyo kubwa si ya mkaa.

Wodini kwetu tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa na mafua makali. Aliketi juu ya kigoda, sufuria ikiwa sakafuni kati ya miguu yake, akajifunika blanketi. Mtoto alisikia sauti ya mama yake asimwone, akaingia chini ya blanketi kumtafuta. Sufuria ikapinduka. Mama aliungua miguu. Mtoto aliungua tumbo na mapaja, akakaa wodini wiki sita. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa mgonjwa aliyetaka kupona upesi arudi shambani. Hatuandiki somo hili kwa kumlaumu mtu, ila tusingependa kumpokea mtoto mwingine wa namna hiyo.

MVUKE UNAFANYA KAZI GANI?

Mvuke wa moto unalainisha makamasi, na mgonjwa anahisi pua imefunguka. Harufu ya mkaratusi nayo inampa nafuu kwa muda. Lakini mvuke hauui virusi vilivyomo mwilini. Utafiti haujathibitisha kwamba mafua yanapona mapema kwa mtu kujifukiza.

Wengine husema jasho linatoa ugonjwa. Ukweli ni kwamba jasho ni maji na chumvi. Kazi yake ni kuupoza mwili. Anayetoka jasho jingi bila kunywa maji anapungukiwa na maji, akisimama ghafla anaweza kuona kizunguzungu na kuanguka.

TUPIGE HESABU YA GHARAMA

1. Mkaa au kuni. Moto wa kuchemsha sufuria kubwa asubuhi na jioni ungeweza kupika uji wa watoto.

2. Kuungua. Si lazima maji yawe yanachemka. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, nayo huungua upesi zaidi. Kidonda cha moto kina maumivu, kinahitaji kufungwa mara nyingi, na huacha makovu.

3. Hewa ya sumu. Wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, hutaka kutapika, hulegea, halafu hupoteza fahamu. Wengi wamekufa hivyo wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe.

4. Kuchelewa. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Homa inaweza kuwa malaria, na kikohozi kinaweza kuwa homa ya mapafu au kifua kikuu. Mtu anayejifukiza siku nne akisubiri homa ishuke anaupa ugonjwa siku nne za kukomaa. Kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika chache tu.

WASIOPASWA KUJIFUKIZA

- Watoto wadogo.
- Mama mjamzito, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu joto kali la mwili linaweza kumdhuru mtoto tumboni.
- Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayetumia dawa za shinikizo la damu, mpaka amwulize daktari.
- Mwenye pumu, kwa kuwa mvuke wenye harufu kali unaweza kuamsha shambulio.
- Mwenye kifafa, asije akaangukia maji ya moto.
- Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, maana anaweza kuungua asisikie.
- Mwenye homa kali. Mwili wake tayari una joto la kupita kiasi.

NJIA ILIYO SALAMA ZAIDI

Kwa mafua ya kawaida, kunywa maji na chai ya tangawizi au limau, pumzika, na uoge maji ya vuguvugu. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko cha asali kutuliza kikohozi. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Mtu mzima mwenye afya akipenda kujifukiza, atoe watoto chumbani kwanza. Maji yaipuliwe, yamiminwe katika bakuli zito, liwekwe katikati ya meza imara, si sakafuni wala mapajani. Asubiri dakika chache mvuke upungue ukali. Atumie taulo jepesi badala ya blanketi, asizidishe dakika kumi, kisha anywe maji.

VIPI KUHUSU SAUNA ZA UMEME?

Wako walio na jamaa Ulaya wanaotuuliza juu ya makabati ya joto ya nyumbani yanayotumia miale ya infraredi. Sauna ya asili ni ya Finland, na joto lake hufika nyuzi 80 hadi 100. Utafiti wa huko uliotolewa mwaka 2015, uliofuatilia wanaume zaidi ya 2,300 kwa miaka 20 hivi, ulionyesha kwamba walioingia sauna mara nyingi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa nadra zaidi. Lakini ulihusu sauna ile ya asili, wala haukuthibitisha kwamba sauna yenyewe ndiyo iliyowalinda. Kabati la infraredi lina joto dogo zaidi, nyuzi 45 hadi 60. Likiwa la kilowati 2 na likiwashwa saa moja kila siku, linakula uniti 60 za umeme kwa mwezi, nje ya bei ya kulinunua. Mwendo wa haraka wa nusu saa kwenda misa na kurudi unaufaa moyo pia, tena hauhitaji umeme.

MTU AKIUNGUA

Ondoa nguo zilizolowa, isipokuwa zilizoshika kwenye ngozi. Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta wala ute wa yai. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya.

USINGOJE, NENDA HOSPITALI

Mtoto anapopumua haraka akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mara 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo kifua kubonyea, degedege, au kushindwa kunyonya. Mtu mzima mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe kifua kikuu.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kwamba dawa za ardhini na mganga vyote vimetoka kwa Mungu. Basi tusidharau majani ya bibi, wala tusiyatumie kuifunga njia ya hospitali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, watoto huwa wapi mtu anapojifukiza?
2. Ni sababu gani zinatufanya tuchelewe kwenda kupimwa: nauli, woga, au mazoea?
3. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje mama mgonjwa asiye na wa kumwangalizia watoto?